Utando Usioruhusiwa Kuchanua

Ukitaka uyoga wa mamama uchanue, upe hewa. Mkulima yeyote wa uyoga hapa Morogoro analijua hilo, hata yule aliyejifunza kwa kuchungulia banda la jirani. Utando ukishaenea na mfuko kuwa mweupe pande zote, unautoboa matundu, unafungua mlango wa banda alfajiri, unanyunyizia maji sakafuni na kwenye kuta, na siku chache baadaye vichwa vinachomoza. Ukitaka ngozi, fanya kinyume cha hayo yote. Funika, ziba, na uiache hewa iliyokwisha kutumika ibaki humohumo.

Hewa ya nje ina kiasi cha sehemu 420 za kaboni dayoksaidi katika kila sehemu milioni moja. Utando nao huvuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi kama wewe na mimi, hivyo ndani ya trei iliyofunikwa kiwango hicho hupanda mpaka kufika maelfu. Kwa uyoga, hewa nzito ya namna hiyo ni habari: bado umo ndani ya gogo, bado umo chini ya ardhi, hapa si mahali pa kufungua kofia wala pa kurusha mbegu. Basi hauchanui. Unaendelea kutanda, unapanda juu ya chakula chake, unajisokota, unarudi ulikotoka na kupita tena juu ya nyuzi zake wenyewe, mpaka juu ya trei panatokea tabaka jeupe, nene, laini, linaloweza kushikwa kwa vidole viwili na kuinuliwa. Tabaka hilo ndilo linaloitwa ngozi ya uyoga.

Tangu nianze kuotesha matabaka hayo katika chumba cha uani, nimekuwa nikirudi kwenye wazo moja ambalo wanaoisifia ngozi hii hawaligusi: kwamba kazi yake yote ni kazi ya kuzuia. Mfugaji humlisha ndama ili awe ng'ombe. Mkulima hupalilia ili mhindi ubebe. Anayeotesha ngozi ya uyoga hukilisha kiumbe chake vizuri, hukipa joto, unyevu na giza, halafu hukinyima jambo lilelile ambalo kilikuwa kikilijengea mwili. Wanasema ngozi hii haina damu, na kweli haina. Ila gharama ipo, na mtu anayeiotesha nyumbani kwake huiona kwa macho, wakati anayenunua mkoba dukani hapati nafasi hiyo kamwe.

Tunachokula kwa ugali, kile chenye kofia na shina, ni sehemu ndogo ya kiumbe na hudumu siku chache. Kiumbe chenyewe ni utando, nyuzi zenye unene wa maikromita 2 hadi 10, wakati unywele wa mtu hufika maikromita 70 hivi. Hazina mdomo wala tumbo. Ncha ya kila uzi hutema vimeng'enya vinavyouyeyusha mti nje ya mwili, kisha uzi hufyonza kilichoyeyuka. Na kwa kuwa uzi hukua nchani tu, kula kwake na kusonga kwake ni tendo moja. Ukuta wa kila uzi umejengwa kwa glukani na kaitini, na kaitini ndiyo iliyomo katika gamba la kaa na la kamba. Kwa nasaba, kuvu iko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Kwa hiyo anayedhani kwamba ameacha mnyama na kuhamia kwenye mboga hajahama mbali.

Si kila uyoga unaofaa. Mamama hutanda haraka, huvumilia mengi, na mbegu yake inapatikana, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Lakini nyuzi zake ni za aina moja, zile za kukulia tu, na tabaka lake likikauka huwa jepesi na dhaifu. Ganoderma ni habari nyingine. Huo ni ule uyoga mgumu unaong'aa, wa rangi ya damu ya mzee, unaoota kwenye mashina ya miti mikongwe. Wachina huuita lingzhi, Wajapani reishi. Nyuzi zake ni za aina tatu: za kukulia, nyingine nene za kuimarisha, na nyingine zenye matawi mengi za kuzifungamanisha hizo mbili. Aliyewahi kutaka kuukata kwenye shina anajua kwamba kisu cha jikoni hakitoshi. Ndio uyoga ambao msanii Philip Ross wa San Francisco alianza kuuotesha miaka ya 1990 na kuutumia kutengenezea viti na matofali, na kazi yake ndiyo iliyozaa kampuni ya MycoWorks mwaka 2013.

Chakula chake ni vumbi la mbao kutoka kwa seremala, la mti usio na utomvu mwingi, kwa maana vumbi la paini huuchelewesha utando. Naongeza pumba za mahindi, sehemu moja kwa sehemu nne za vumbi, si zaidi. Maji yawe ya kutosha ili ukikamua konzi ya mchanganyiko yatoke matone mawili matatu yasichuruzike. Mkulima wa mamama huchemsha mabua au majani makavu ya migomba kwenye pipa kwa saa chache na hiyo inamtosha, kwa sababu mabua ni chakula duni ambacho wadudu na ukungu wengine hawakikimbilii sana. Ukishatia pumba, kila kitu kinachoelea hewani kinakitaka. Hapo pipa halifai tena. Panahitajika sufuria ya presha, nyuzi joto 121, kwa saa mbili hivi, na kuiacha ipoe bila kuifunua.

Mbegu huja chupani, punje za mtama zilizofunikwa na utando. Kuipanda ni kazi ya dakika chache, lakini maandalizi yake yanaweza kuchukua jioni nzima: meza imepanguswa kwa spiriti, mikono pia, dirisha limefungwa, feni imezimwa, hakuna anayepita mlangoni. Katika nyumba yenye watoto saa yake ni usiku, wakiwa wamelala.

Kinachofuata ni kungoja, na kungoja huku si kwa uvivu. Mwanzoni huoni kitu. Kisha punje zinaota manyoya meupe, manyoya ya punje hii yanaifikia ile, na yakikutana hayapigani. Nyuzi za mbegu moja zinaungana na kuwa mwili mmoja. Ukiweka kiganja chini ya trei unasikia joto linalozidi la chumba, kwa maana kula ni kuungua polepole. Ganoderma hupenda nyuzi 25 hadi 28, na kwa miezi mingi Morogoro inatoa joto hilo bure, wakati mwenzetu wa Ulaya analilipia umeme. Vumbi likishageuka jeupe lote, natandaza juu yake kipande cha bafta iliyochemshwa na kukamuliwa, nafunika tena. Utando hupanda, hupenya katika vitundu vya kitambaa na kutokea juu. Wiki mbili tatu baadaye huwezi tena kusema kitambaa kinaishia wapi na kuvu inaanzia wapi.

Bafta ina sababu yake. Tabaka la utando mtupu hushikika, ila halivutiki. Ngozi ya ng'ombe hupata nguvu kwa kolajeni, protini yenye nyuzi zilizosokotwa tatu tatu na kufumana kila upande, na mnyama aliyeivaa alitembea nayo miaka, akajinyoosha, akakwaruzwa na miiba, akalala juu ya mawe. Utando wa trei haujawahi kuvutwa na chochote. Haukupata sababu ya kuwa imara. Viwanda navyo hutafuta njia zao za kuuimarisha, vingine kwa kitambaa, vingine kwa kuyaongoza makuzi ya nyuzi zishikamane zaidi; kwa mtu wa nyumbani bafta ya bei nafuu inafanya kazi nzuri kuliko ninavyoweza kueleza.

Adui mkubwa ni ukungu wa kijani, Trichoderma. Huja kwanza ukiwa mweupe, mweupe hata kuushinda utando, ndipo unageuka kijani ghafla, na haukomi kwenye pumba: hushambulia utando wenyewe na kuumeng'enya. Kuna mwingine wa rangi ya chungwa, unaopenda nchi za joto na unaoenea kwa kasi ya kutisha. Trei iliyopatwa haifunguliwi ndani ya nyumba. Hutolewa nje ikiwa imefunikwa vilevile na kufukiwa mbali na chumba cha kuoteshea. Sina dawa ya kunyunyiza ambayo naweza kumshauri mtu. Kuna usafi, na kuna kutupa, na anayeshindwa kutupa mapema hupoteza chumba kizima.

Halafu inafika siku ya kubandua. Unaingiza vidole kwenye ukingo, unavuta taratibu, na tabaka linaachana na vumbi likiwa la baridi, zito kwa maji, na harufu ya udongo wa msituni. Na liko hai. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Ukilikunja na kuliacha katika unyevu, kingo mbili zilizogusana zitaungana. Ukikata kipande na kukilaza juu ya vumbi jipya, kitaanza maisha upya. Hakuna kilichokufa mpaka hapo. Kilichopo ni kiumbe kilichongojeshwa. Ili kiwe kitu cha kushonwa lazima kiuawe, na kukiua ni kukikausha kwa joto la nyuzi 60 au zaidi kwa saa kadhaa, tanurini, kikiwa kimebanwa katikati ya nyavu mbili ili kisijikunje. Tabaka ambalo halikufa vizuri likipata unyevu wa masika linaweza kuendelea na lile lililokatizwa.

Nimewahi kusikia watu wakiieleza hatua hii kwa neno jepesi la kukausha. Silipendi neno hilo kwa kazi hii. Ni kweli kwamba kuvu haina ubongo wala neva, na sisemi kwamba inaumia. Ila nimeona ikigeukia chakula kilipo, nimeona ikiziba jeraha nililolikata kwa wembe, nami ndiye niliyeizuia isichanue na ndiye ninayeizima. Kuitendea kama plastiki iliyomiminwa ni kujinyima ujuzi niliokwisha kuupata.

Watu wa Buganda, Uganda, wana ufundi ulio bora kuliko huu katika jambo hili. Hubandua gome la mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, na kuligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linatanuka na kuwa kitambaa laini chenye rangi ya udongo mwekundu. Shina lililovuliwa hufungwa majani ya migomba ili lipone, na mti hujivika gome jipya la kuvunwa msimu mwingine. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mutuba hutoa vazi na kubaki hai, na anayeuvuna leo ataukuta mwakani. Trei yangu haina adabu hiyo. Ninayesema hivi ninaipenda trei, lakini kila nikisoma kwamba binadamu hatimaye amepata malighafi ya kuvaa isiyodhuru kitu, nawakumbuka mafundi wa mutuba ambao hawakuwahi kuitangaza kazi yao kwa maneno makubwa hivyo.

Tabaka likikauka bila kitu kingine huwa gumu na huvunjika likikunjwa. Kinachofanya linyumbuke ni gliserini, ileile ya chupa ndogo za duka la dawa ambayo wengi wetu tulipakwa miguuni wakati wa kipupwe. Sehemu moja ya gliserini kwa sehemu nne za maji, tabaka linaloweshwa kabla halijakaushwa kabisa. Gliserini hukaa katikati ya nyuzi, hushika unyevu, na nyuzi zinaweza kuteleza zenyewe kwa zenyewe badala ya kukatika. Rangi naipata kwa majani ya chai yaliyochemshwa yakakolea, au kwa magome ya miwati, miti ambayo Njombe imeipanda kwa ajili ya kudabaghi ngozi tangu mwisho wa miaka ya 1940. Katika ngozi ya mnyama tanini ya magome hushikana na kolajeni na kuizuia isioze. Katika utando protini ni chache zaidi, hivyo tanini haifanyi kazi hiyo kwa ukubwa uleule, ila rangi hukolea vizuri. Mwisho ni kupiga pasi ya vuguvugu juu ya karatasi, na nta ya nyuki.

Wanaodhani kwamba hili ni wazo la karne hii wangetazama mikoba miwili ya kutundika ukutani iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Chuo cha Dartmouth, Marekani. Ilitengenezwa na mwanamke wa Watlingit, Alaska, mwaka 1903, na kwa muda mrefu ilionekana kuwa ya ngozi tu. Mwaka 2021 wanasayansi wakaeleza kwamba ni utando wa kuvu iitwayo agarikoni, unaojijenga katika mapengo ndani ya misonobari mikongwe. Mwanamke huyo hakuotesha kitu. Alijua mti upi una nini ndani yake. Huko Korond, Transylvania, nchini Romania, mafundi wachache hukata nyama ya ndani ya uyoga wa Fomes unaoota kwenye miti, huigonga na kuivuta kwa mikono mpaka kipande kidogo kinatanuka na kutosha kuwa kofia. Hawa nao huvuna msituni.

Wakulima wenyewe, wanaopanda, kulisha, kupalilia na kuvuna, wako kwetu na ni wakongwe mno. Mchwa hula mabaki ya miti, huyapitisha tumboni na kuyarundika ndani ya kichuguu yakawa bustani, na juu ya bustani hiyo huotesha kuvu ya jamii ya Termitomyces. Hula vinundu vyeupe vinavyotokea humo. Mvua zinapoanza, uyoga huvunja ardhi na kutokeza juu ya kichuguu, nasi tunaamka alfajiri kuuwahi kabla ya wenzetu. Katika Bonde la Ufa la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, watafiti walikuta vichuguu vilivyogeuka mawe vikiwa na bustani hizo ndani yake, vya miaka kama milioni 25, na wakazitangaza habari zake mwaka 2016. Kuotesha kuvu gizani, katika chumba kilichofungwa chenye joto lisilobadilika, ni kilimo kilichoanza Afrika kabla mtu hajakuwapo. Nikifunika trei yangu nakumbuka kwamba hata hewa nzito ninayoitaka ndiyo iliyomo kichuguuni.

Viwanda vina hadithi tofauti. Mwaka 2018 kampuni ya Bolt Threads ya California ilitangaza ngozi yake ya uyoga iitwayo Mylo, na kwa miaka michache jina hilo lilisikika kila mahali: mbunifu wa mitindo Stella McCartney alishona nguo kwa ngozi hiyo, Adidas ilionyesha kiatu, makampuni makubwa ya mitindo yalitia fedha. Mwaka 2021 Hermès ikatangaza mkoba wake wa Victoria kwa utando wa MycoWorks. Mwaka 2023 Bolt Threads ikasimamisha uzalishaji wa Mylo kwa kukosa mtaji wa kuendelea. Sina furaha na anguko hilo. Watu walifanya kazi kwa bidii. Lakini naona kwamba walijipa kipimo kisicho chao. Walitaka kuvu ifanye kila kifanywacho na ngozi ya ng'ombe, kwa wingi uleule, kwa usawa wa kipande kwa kipande, na ili ifike huko ikabidi ipakwe umaliziaji wenye poliyurethani, yaani plastiki. Kitu kilichoweza kurudi udongoni kikavishwa kisichoweza.

Napendezwa zaidi na walioanza na uyoga wenyewe. Mycotech Lab ya Bandung, Indonesia, ilianzishwa na watu waliokuwa wakulima wa uyoga wa kula, na ngozi yao waiitayo Mylea imetokana na mabaki ya mashamba ya huko. Nairobi, Mtamu Kililo na kampuni yake ya MycoTile hawakushika ngozi kabisa. Hutengeneza vigae vya kuzuia joto na kelele majumbani kwa utando na masalia ya mazao. Aliiuliza kuvu inaweza nini, akaisikiliza. Kigae hakivutwi wala hakikunjwi. Kinakaa darini, kazi inayokifaa kiumbe kilichokuwa kimelala.

Kuhusu ng'ombe nataka kusema wazi, kwa sababu hoja inayosafiri na ngozi ya uyoga kutoka Ulaya na Marekani haifiki kwetu salama. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hakuna Mmaasai wala Msukuma anayechinja kwa ajili ya ngozi; anachinja kwa nyama au kwa msiba, anamtoa kwa mahari, anamuuza kwa ada ya shule, na ngozi ni kilichobaki. Katika machinjio mengi madogo ngozi huoza kwa kukosa mnunuzi. Kumwambia mtu wa Shinyanga kwamba nimeotesha trei ili kumwokoa ng'ombe wake ni kumkosea heshima, na kumpuuza fundi wa makubadhi wa Zanzibar ambaye ngozi hiyohiyo ndiyo riziki yake. Lawama yangu iko kwingine. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu, kwa kuwa ni haraka na hutoa ngozi laini, na maji machafu yake yakiachwa yaende mtoni wanaoyalipia ni wale wanaochota chini ya kiwanda. Ukitaka kupunguza madhara ya ngozi Tanzania, ningesema tuanze na magome ya miwati na kuinunua ngozi inayotupwa, kabla ya kutaja uyoga.

Kwa nini basi ninaotesha? Kwa sababu vumbi la seremala wa mtaani kwetu lilikuwa likichomwa moto kila Jumamosi. Kwa sababu kina mama wanaolima mamama wanajua tayari kuchemsha, kupanda na kungoja, na kitu pekee wanachokosa ni habari kwamba utando wanaoupita haraka kuufikia uyoga una matumizi yake. Na kwa sababu ya kuona. Viatu ninavyovaa sijui vilitoka kwa mnyama gani, vilisindikwa kando ya mto upi, na nani alipumua moshi wake. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilichotoka kwenye trei nakijua tangu punje ya mtama, najua kilikula nini, kiliugua lini, na nilikizima usiku gani. Ujuzi huo hauniondolei hatia ya kuvaa. Unanifanya nikitumie kipande kizima, pamoja na kingo zake mbaya.

Kipande cha kwanza kilichostahili kuonyeshwa nilikipeleka kwa fundi viatu anayekaa chini ya mwarobaini karibu na stendi, mzee aliyenishonea mikanda ya sandali tangu nikiwa shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini leo?"

Alikikunja, akakinusa, akakigonga kwa ukucha, akauliza kama ni ngozi ya mbuzi au ni rexine. Nilipomweleza hakushangaa nilivyotegemea. Alisema kwao Ulanga walichuma uyoga mgumu kwenye magogo kwa ajili ya kuwashia moto. Kisha akachukua msharasi na kutoboa tundu karibu na ukingo, la pili, la tatu, akavuta uzi, na ukingo wote ukaachia.

"Unaona? Ukitoboa karibukaribu inachanika kama stempu za posta. Hii tundu zake zikae mbalimbali, na ukingo uwe mara mbili. Ngozi ya ng'ombe naikunja mwenyewe. Hii ukiikunja imekwisha kukauka inavunjika. Wewe ndiye unayeiotesha, kwa nini usiioteshe ikiwa imekunjwa?"

Sikuwahi kuliwaza hilo, wala sikulikuta limeelezwa kokote nilikosoma. Ngozi ya mnyama humfikia fundi ikiwa na umbo la mnyama, na fundi hukata kinachomfaa na kutupa kinachobaki. Utando hauna umbo mpaka upewe. Sasa bafta naikunja pindo pande zote nne kabla ya kuitandaza, na utando hupenya matabaka yote mawili ya pindo na kuyafunga pamoja bila gundi wala sindano. Ukingo hutoka mnene mara mbili ya katikati, na uzi wa fundi unashika. Ametengeneza kwa kipande cha namna hiyo jalada la daftari na kifuko cha miwani, vitu visivyovutwa sana wala kulowa, na amekataa katakata kukitia kwenye soli.

Anataka nijaribu kamba ya kisigino, iliyooteshwa katika trei nyembamba, na bafta iliyosokotwa badala ya kutandazwa. Mamama haitaiweza. Nitaipanda kwa Ganoderma, mvua zikipungua na ukungu ukitulia.